Uso wa Dada Mlangoni pa Gereji

Msasa hajawahi kukubali kwamba kitu ni cheupe kwa kuambiwa tu. Mwambie mlango wa gari lako ni mweupe, atakuangalia kama daktari anavyomwangalia mgonjwa aliyejitibu kwa ushauri wa jirani, kisha atauliza: weupe upi? Upo weupe wenye njano kwa chini, upo wenye buluu, na upo ule wenye kijivu ambao wenye nyumba huupaka sebuleni halafu wakashangaa kwa nini wageni hawakai. Amepaka magari rangi kwa miaka ishirini na minane, na ugonjwa huo haumpi likizo. Kuna siku msibani, watu wote wakiwa wameinamisha vichwa, alimnong'oneza mkewe kwamba jeneza limepigwa vanishi ya makopo mawili tofauti na kifuniko kimezidi wekundu. Mkewe alimfinya mpaka akainua goti. Marehemu alikuwa mjomba wa mkewe.

Jina la Msasa alipewa na wenzake wa gereji kwa sababu mbili: kila kazi anaianza kwa kusugua, na kidevu chake kingeweza kusugua chenyewe. Sheria zake ni chache lakini hazina msamaha. Rangi huoanishwa mlangoni, saa nne asubuhi, juani. Si chini ya taa ya tyubu, maana tyubu ina uongo wake. Si chini ya lile turubai la buluu lililofungwa kona ya nyuma kuzuia vumbi, maana lile lina uongo mkubwa zaidi. Na ukishapaka, subiri ikauke, kwa kuwa rangi mbichi ni kama mchumba: bado haijakuonyesha tabia yake.

Mtu mmoja tu duniani humwita fundi huyu "wewe mtoto", naye akaitika. Ni dada yake.

Mama yao alipofariki, Dada alikuwa na miaka kumi na saba, Msasa tisa. Baba alikuwepo, lakini alikuwepo kama kalenda ya mwaka jana: iko ukutani, ila huwezi kuipangia kitu. Dada akaacha shule Ijumaa, na Jumatatu saa kumi alfajiri akawa amesimama mbele ya tanuri la kiwanda cha mikate. Yuko hapo mpaka leo, tofauti ni kwamba siku hizi ndiye mwenye funguo. Msasa alipofika miaka kumi na sita, Dada alimshika mkono akampeleka gereji, akamkabidhi kwa fundi injini mmoja anayeitwa Gia, na kumwambia kwamba mtoto huyu ana macho mazuri lakini mdomo hauna breki, kwa hiyo wamfundishe kazi na kunyamaza. Kazi alijifunza.

Posa zilikuja kwa Dada, zikarudi zilikotoka. Kila mara alisema ngoja nimalize kwanza na huyu mtoto. Mtoto akaota ndevu, akaoa, akapata watoto wawili na upara mdogo nyuma ya kichwa, Dada bado hajamaliza. Alikuwa amefika miaka hamsini na miwili, watu wameshaacha hata kumtania, ndipo akatokea Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mjane wa miaka minne, mtu mpole mwenye miwani minene, mfundishaji wa hesabu. Alianza kuja dirishani pa kiwanda kununua mikate miwili kila siku. Anaishi peke yake, mikate miwili, kila siku. Hata wasichana wa kupanga mikate, ambao hesabu waliiacha darasani, waliona kwamba hii haitoki. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba mikate yote ilikuwa inaliwa na kuku wa jirani, ambao walinenepa wakaacha kutaga. Jirani ndiye aliyelalamika, na katika kulalamika akatoboa siri. Dada alipoulizwa na wifi yake kama anajua, alisema anajua tangu wiki ya pili, na ndiyo maana alikuwa anamchagulia iliyoiva vizuri.

Harusi ikapangwa Jumamosi, saa nane mchana, watu hamsini, na picha moja kubwa ya ukutani. Hiyo picha Dada aliitaka kwa moyo wote. Katika maisha yake alikuwa na picha ya kitambulisho cha kazi na nyingine aliyosimama nyuma ya keki ya mtu.

Jumanne akaenda kufanyiwa majaribio ya mapambo kwa Profesa. Profesa ana saluni yenye viti vinne na taa sita za tyubu, na ukutani ana vyeti vya semina za siku mbilimbili. Kimoja ni cha ufugaji wa nyuki, lakini kimewekewa fremu sawa na vingine, na hakuna mteja anayesoma vyeti akiwa amefumba macho. Kwenye rafu kulikuwa na chupa kumi na nane za faundesheni za watu weupe, kila moja na jina lake tamu la lozi, asali au ganda la yai. Za watu weusi zilikuwa tatu, kana kwamba mtengenezaji alipofika hapo akakumbuka ana basi la kuwahi.

Profesa alichukua ile nyepesi zaidi kati ya hizo tatu. Bibi harusi, alieleza, lazima aangaze. Halafu akaona weusi chini ya macho ya Dada, akaguna kama fundi bomba aliyefungua sinki, akachota krimu nyeupe nyeupe ya kufichia na kuikandika juu yake tabaka baada ya tabaka, kama mtu anayeziba shimo la panya. Chini ya tyubu sita kila kitu kilionekana kizuri. Wote wawili walifurahi, Dada akashukuru, akatoka nje.

Nje kulikuwa na jua. Mlinzi wa duka la jirani, mtu mwenye adabu zake, alipomwona alivua kofia.

"Pole sana mama," alisema. "Ni nani aliyefariki?"

Dada akajitazama kwenye kioo cha duka. Uso ulikuwa umepauka kijivu, kama mtu aliyepakua mifuko ya saruji bila kunawa, shingo ikibaki ya kahawia yake ya siku zote, na chini ya macho mabaka mawili ya rangi ya jivu la jana. Alikwenda nyumbani kwa njia za uchochoroni. Alipofika alimwandikia Mwalimu ujumbe kwamba asije kumtembelea wiki hii, ana kazi. Kisha akamwambia wifi yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba Jumamosi atavaa miwani ya jua kanisani, na kama haifai kuvaa miwani ya jua kanisani, basi harusi isubiri. Isubiri mpaka lini, hakusema. Watu wanaomfahamu Dada wanajua kwamba jambo lake likisubiri huwa limelala.

Mke wa Msasa ndiye aliyeileta habari hiyo nyumbani Jumatano. Msasa alicheka. Alicheka ile sehemu ya mlinzi mpaka akashika ukuta. Mkewe alimsubiri amalize.

"Umemaliza?" akamuuliza. "Wewe si fundi rangi? Dada yako ameharibiwa rangi, na wewe umekaa hapo unacheka."

Msasa akasema uso si boneti. Mkewe akasema wala boneti halikumlea. Msasa akaomba aonyeshwe sanduku lake la vipodozi.

Akaketi nalo kitandani, akafungua kila kopo, akapaka kila kitu mkononi mwake mpaka mkono ukawa kama ubao wa fundi. Na kadiri alivyopaka ndivyo alivyotulia, maana aliona kwamba hapa hakuna jambo jipya chini ya jua. Weusi ukiupiga weupe juu yake huupati weupe, unapata kijivu. Hilo anafundishwa mwanagenzi wa gereji siku ya pili, baada ya kuonyeshwa choo. Ukiwa na doa jeusi la lami au kutu kwenye bati, huliendei na rangi ya gari moja kwa moja. Unalipiga kwanza praima nyekundu inayoelekea machungwa, nyembamba, ili iuue ule weusi wa buluu unaopenya kutoka chini. Halafu ndiyo rangi yenyewe. Profesa alikuwa ameruka praima. Msasa alitaka kucheka tena, lakini alimwona mkewe bado amesimama.

Dada alikubali kwa shida, tena kwa masharti. Atakuja gereji Alhamisi, saa ya mapumziko, mafundi wakiwa wamekwenda kula. Na hakai mlangoni. Hawezi kukaa na uso mtupu barabarani, watu wapite wamhesabie mikunjo. Atakaa ndani, chini ya turubai.

Msasa akasema sawa. Hapo ndipo alipokosea, na alikosea akiwa na akili zake timamu. Fundi ambaye hajawahi kuoanisha hata kifuniko cha tangi la mafuta chini ya lile turubai alikubali kuoanisha uso wa dada yake hapo, kwa kuwa Dada ndiye aliyesema, na Dada akisema yeye huwa na miaka tisa.

Alifanya kazi nzuri. Alichanganya lipstiki nyekundu kidogo na faundesheni ya njano mpaka akapata machungwa ya praima, akaigusishia chini ya macho kwa kidole cha pete, kidole kile kisicho na nguvu. Akachanganya faundesheni mbili za mkewe, nyepesi na nzito, akiongeza tone, akirudi nyuma hatua mbili, akikodoa jicho moja. Kila alipotazama aliona ngozi imepoa, imeelekea ubuluu, akaongeza joto. Akaongeza tena. Mwishoni Dada alikuwa amependeza kiasi kwamba Msasa alijipiga kofi pajani.

Wakatoka nje kuangalia.

Dada alikuwa tofali. Tofali jipya la kuchoma, lililotoka tanuruni leo. Ule ubuluu wote ambao Msasa alikuwa anapambana nao ulikuwa wa turubai, si wa Dada. Na kama shetani anavyopanga ratiba zake, mafundi walikuwa wanarudi kutoka kula, Gia mbele, kijiti cha meno mdomoni. Gia hana ubaya na mtu, ila mdomo wake hutangulia kama taa za gari.

"Fundi," alisema, "umempiga praima ukasahau rangi?"

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kama wangecheka. Dada alijitanda mtandio mpaka puani, akasema asanteni, akaondoka. Gia alitoa mfukoni mkate wa kona iliyoungua, ule ambao Dada huwaletea mafundi kila wiki tangu Msasa akiwa mwanagenzi, akautazama, akaurudisha. Alisema hakujua kwamba ni yeye.

Jioni, jua likiwa bado lipo, Msasa alikwenda kwa dada yake. Alimkuta anapiga pasi kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na hata mkunjo mmoja. Msasa akaeleza kosa lake. Alieleza mambo ya turubai, mwanga na buluu kwa urefu, jinsi anavyowaeleza wateja ambao gari limetoka na madigadi ya rangi yake pekee. Dada akaendelea kupiga pasi. Ndipo akasema lililobaki: inabidi iwe mlangoni. Saa nne, juani, uso mtupu, hakuna njia nyingine.

"Mbele ya wale wanaume wote?"

"Mbele yao wote."

"Ili nifichwe, nianikwe kwanza."

"Ndiyo kazi ilivyo, Dada. Nisichokiona siwezi kukipaka."

Dada akaweka pasi chini. Alisema, bila kulalamika, kwamba kwa miaka mingi amejifunza kukaa mgongo ukielekea dirisha. Kwenye kikao cha kazi, kwenye harusi za watu, hata kwa Mwalimu. Mtu hujua pa kukaa. Alisema weusi ule alikuwa nao tangu msichana, ukaongezeka na tanuri na alfajiri, na watu humuuliza kama anaumwa, naye hujibu hapana, halafu humuuliza tena.

Msasa alikuna kidevu, kikatoa sauti yake. Maneno yaliyomjia hayakuwa ya kitaalamu.

"Leo nilipokuwa nakupaka," alisema, "ndiyo mara ya kwanza nimekuangalia. Naangalia milango ya watu wageni mpaka macho yanatoka machozi, na wewe sijakuangalia. Nilidhani hizo alfajiri zilikuwa zinapita tu." Akakuna kidevu tena. "Mimi nimelala usingizi mzima, Dada. Ule ambao hukulala wewe. Asante."

Dada alimwambia aache kuongea kama mtu anayekaribia kufa. Kisha akamuuliza saa nne ipi, ya saa yake inayochelewa siku zote au ya kanisani.

Ijumaa alikuja na viatu vya kazini vyenye unga. Walikuwa wamemwekea kiti cha gari kilichong'olewa, cha ngozi, cha dereva, mlangoni kabisa, kikielekea barabara. Gia alikuwa amekifuta mwenyewe kwa sabuni, na akawatangazia mafundi kwamba atakayefungua mdomo kipuuzi atafungua na gia boksi peke yake. Dada akakaa. Akashika mtandio kwa mikono miwili, kwa muda ule ambao mtu hushika pumzi kabla ya maji baridi, akauvua.

Jua la saa nne likampata uso mzima. Watu wakapita barabarani. Dunia, kwa mshangao wa Dada, haikusimama; mtu mmoja alimsalimia, mwingine akauliza kama gereji wana betri.

Msasa akaanza kwenye shingo na taya, maana uso unaoungua mbele ya tanuri miaka thelathini na mitano si shahidi wa kuaminika; paji lilikuwa limezidi weusi kuliko mashavu. Alipaka mistari mitatu chini ya taya, akasubiri. Wa kwanza ulibaki mwekundu kama umekasirika. Wa pili ulipauka. Wa tatu ulianza kupotea, ingawa si wote.

Hapo mafundi wakashindwa kuvumilia. Mafundi wakiona kazi ya rangi na mtu hajaomba ushauri, huumwa. Fundi wa bodi akasema huyu ana wekundu kwa chini. Mwingine akabisha kwamba ni njano, njano ile ya dhahabu, hata kipofu anaiona. Fundi umeme akadai kuna kipimo: unaangalia mishipa ya mkono, ikiwa ya kijani basi chini kuna njano, ikiwa ya buluu basi kuna wekundu. Aliugeuza mkono wa Dada kwa heshima zote, akauchungulia, akaurudisha.

"Huyu dada waya zake zimepita ndani," alisema.

Dada akacheka. Alicheka mpaka kiti kikalia. Ndipo Gia akaenda stoo akarudi na vitu viwili, kifuniko cha gurudumu cha kromu na kiungo cha bomba cha shaba ya njano, akavifuta kwenye ovaroli. Akaweka kromu karibu na shavu la Dada. Uso ukachoka. Akaweka shaba. Uso ukaamka, kama mtu aliyeitwa jina lake. Baraza likapitisha kwa kauli moja: njano, dhahabu, na wekundu kidogo mno usiostahili kutajwa. Msasa akaongeza njano kwenye mchanganyiko, akapaka mstari wa nne, wakasubiri ukauke na kukolea. Baada ya dakika kumi fundi wa bodi aliutafuta chini ya taya kwa kidole akashindwa kuuona.

Yakabaki macho. Hapa Msasa aliwaomba wenzake wanyamaze, na kwa mara ya kwanza katika historia ya gereji ile, yeye akanyamaza pia. Alimshika Dada kidevu, akakiinua kuelekea jua, akakishusha. Akakiinua tena. Sehemu ya weusi ule, ile iliyo karibu na pua, ilikuwa inaondoka uso ukiinuliwa na kurudi ukishuka. Basi hiyo haikuwa rangi. Hilo lilikuwa bonde, na kivuli kimekaa ndani yake. Iliyobaki haikwenda popote, kahawia inayoelekea buluu: hiyo ndiyo rangi yenyewe. Na chini ya jicho la kushoto kulikuwa na kifuko kidogo kilichovimba, cha usingizi mfupi. Alitambua kwamba Profesa alikuwa ameyaona mambo matatu kama jambo moja, akayamwagia dawa moja, kama yule fundi anayepaka rangi juu ya mbonyeo na kumwambia mwenye gari ajaribu kulitazama kwa mbali.

Kwa kifuko alichukua kitambaa cha maji baridi ya jagi, akakiweka hapo dakika tano. Kilipungua, kikabaki kidogo, naye hakukipaka chochote cheupe, kwa kuwa kilichotuna ukikiangaza kinatuna zaidi. Kwa weusi wenyewe akatia praima yake ya machungwa, nyembamba safari hii kama pumzi kwenye kioo, na juu yake rangi ya ngozi. Kwenye bonde peke yake, mstari mwembamba kuliko uzi, akatia rangi nyepesi kwa nusu hatua, ili kivuli kipande juu kidogo. Akagusagusa kwa kidole cha pete. Poda kiasi cha kumlisha sisimizi. Yale matone yote aliyahesabu na kuyaandika kwenye kifuniko cha sanduku, kama anavyoandika rangi za magari, kwa ajili ya kesho.

Gia alimshikia Dada kioo cha pembeni cha lori. Dada alijitazama upande wa kulia. Akajitazama kushoto. Mafundi walikuwa wamesimama kama wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Itadumu mpaka jioni?" Dada akauliza.

"Ukilia haidumu."

"Basi mwambie Mwalimu asitoe hotuba."

Akasimama, akaukunja mtandio akautia kwenye mkoba, na kwenda zake kazini katikati ya barabara. Njiani, ilisikika baadaye kutoka kwa msichana wa kupanga mikate, alimpigia Mwalimu simu na kumwambia dirisha liko wazi, anaweza kuja kuchukua mkate. Mmoja, alisisitiza. Kuku wapumzike.

Jumamosi Msasa alirudia kazi ileile kutoka kwenye kifuniko cha sanduku, tone kwa tone, mlangoni palepale, na saa nane mchana Dada akaingia kanisani akiwa ameinua kidevu, akakaa upande wa madirisha, uso ukiyaelekea. Picha kubwa ilipigwa nje kwenye ngazi. Mpiga picha, ambaye humgeuza kila bibi harusi huku na huku kukwepa vivuli, huyu alimpiga mara mbili na kusema inatosha.

Baadaye, watu wakiwa wanapongezana uani, Mwalimu alimvuta Msasa pembeni. Alionekana ana jambo zito. Akasafisha miwani yake, akaivaa tena, akamtazama bibi harusi wake kule alikosimama na mafundi waliovaa mashati yaliyopigwa pasi, kucha zikiwa bado na grisi.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "nilisikia dada yako angepambwa. Hakupata nafasi? Maana mimi namwona ni yuleyule, ila kama amepumzika."

Miaka ishirini na minane katika kazi, wateja wamemsifu Msasa kwa mng'ao, kwa haraka, kwa bei. Ni wachache mno, pengine wawili, waliowahi kulizunguka gari lao mara tatu kisha wakauliza liligongwa wapi. Alimpiga Mwalimu begani kwa nguvu kupita kiasi na kumwambia kwamba ndiyo, bwana, hakupata nafasi.

Lakini Dada alikuwa amesikia, maana masikio ya mtu anayesikiliza mkate ukiiva hayana mchezo. Alianza kucheka kwa mbali, akaja kwao anacheka, na kicheko kilipofika kikawa kimeshachanganyika na kitu kingine, na chozi moja likatoka jicho la kushoto, likaanza kushuka taratibu kuelekea kwenye kazi ya watu.

Msasa alichomoa leso haraka kuliko alivyowahi kuchomoa kitu. Akamshika dada yake kidevu, akakielekeza kwenye mwanga.

"Asante, wewe mtoto," Dada akasema.

"Tulia," alisema Msasa, akilikandamiza chozi kwa ncha ya leso bila kusugua. "Usitingishike. Bado haijakauka."